Kusomewa Sheria ya Ghasia

Katika lugha ya Kiingereza imo misemo mingi iliyozaliwa mahakamani na maofisini. Mwingereza akichoshwa na ofisi inayomzungusha kutoka meza hii hadi meza ile, hulalamikia "utepe mwekundu", kwa kuwa majalada ya serikali yao yalifungwa kwa utepe wa rangi hiyo. Na baba akiwakaripia vikali watoto wapigao kelele, husemwa kwamba "amewasomea Sheria ya Ghasia". Wengi wautumiao msemo huu wa pili hawajui kwamba sheria hiyo ilikuwapo kweli, na kwamba ilichukua roho za watu.

Sheria ya Ghasia ilianza kutumika Uingereza tarehe 1 Agosti, 1715, zama za Mfalme George wa Kwanza. Watu 12 au zaidi wakikusanyika kwa fujo, hakimu alipaswa kuwakaribia kadiri awezavyo, kuamuru kimya, na kuwasomea kwa sauti kuu tangazo fupi la kuwataka watawanyike kwa amani. Kisha walipewa muda wa saa moja. Waliobaki baada ya saa hiyo walistahili kunyongwa, na askari aliyemwua mmoja wao katika kuwatawanya hakuwa na hatia.

Kwa kuwa uhai ulitegemea maneno hayo, mahakama ziliyapima moja moja. Mwaka 1830 shtaka la kukaidi tangazo lilianguka kwa sababu msomaji aliyaacha maneno ya mwisho, yaani "Mungu amlinde Mfalme".

Miaka 11 kabla ya hapo, mjini Manchester, askari wa farasi waliuvamia mkutano mkubwa wa watu waliodai uwakilishi bungeni, na watu wasiopungua 15 wakapoteza maisha. Mahakimu walisema tangazo lilisomwa; wengi waliokuwapo walisema hawakusikia hata neno moja.

Sheria hiyo ilifutwa kabisa mwaka 1973, lakini mzizi wake ulikuwa umekwisha kuvuka bahari. Katika Kanuni ya Adhabu ya Kenya, ambayo asili yake ni ya enzi ya Waingereza, hakimu, au asipokuwapo, polisi wa cheo cha inspekta na kuendelea, au afisa wa jeshi, aweza kuwatangazia watu 12 au zaidi wafanyao ghasia, kwa jina la Rais, kwamba watawanyike.

Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo humwonya mdogo, lakini humpa mkubwa wajibu pia: neno lake sharti kwanza lisikike, lieleweke, na mwambiwa apewe nafasi ya kulitii. Hayo humhusu askari aliyeshika bunduki mbele ya umati, na humhusu vilevile mzazi aliyeshika fimbo nyumbani.