Dhahabu ya Geita Ina Umri Gani?

Mchimbaji aliyetoka duarani na jiwe la mbale mkononi hawezi kujua dhahabu ile iliingia humo lini. Wala mwanajiolojia hawezi, akiitazama dhahabu peke yake, kwa kuwa kwa kawaida haina ndani yake kitu cha kutosha cha kuhesabia miaka. Umri wake huulizwa kwa jirani: punje ya zirkoni, ambayo mara nyingi haifiki hata nusu milimita.

Zirkoni huota mwamba wa moto unapopoa chini ya ardhi. Hupokea urani kidogo, lakini risasi huikataa. Kwa hiyo risasi tunayoikuta ndani yake leo karibu yote imetokana na urani iliyooza humo humo. Urani 238 hupungua kwa nusu kila miaka bilioni 4.47, na urani 235 kila miaka milioni 704. Punje moja ina saa mbili zisizotegemeana. Majira yake yakilingana, tunauamini umri; yakipishana, huenda punje ilipoteza risasi baadaye, pengine kwa sababu ya joto au maji moto.

Mwamba ukipikwa upya kwa joto kali sana, zirkoni ya zamani haifi, bali huvikwa gamba jipya. Maabara huimulika kwa elektroni ili kutenganisha kiini na gamba, kisha hupima kila kimoja. Katika milima ya Usambara na Uluguru, zirkoni za namna hii zimeonyesha kwamba miamba iligeuzwa takribani miaka milioni 640 iliyopita.

Geita haitupi urahisi huo. Miamba yake iligeuzwa kwa joto la wastani, lisilotosha kuotesha gamba. Inabidi tusome nani alimkata nani, yaani mwamba upi uliupenya upi. Miamba ya moto ya Nyankanga, huko Geita, iliyojipenyeza kati ya mawe ya chuma yenye mistari, ina miaka milioni 2,700 hivi. Baadaye magma nyingine ilipenya kwenye nyufa na kuganda kama kuta nyembamba za lamprofia. Mwaka 1999 Gregor Borg na Tom Krogh walichapisha umri wa zirkoni kutoka ukuta mmoja wa aina hiyo: miaka milioni 2,644, ikizidi au kupungua milioni 3. Ukuta huo umeguswa na dhahabu. Basi dhahabu ilifika baada yake.

Kwangu hiyo ndiyo namba yenye thamani kubwa kuliko zote za Geita. Inatuambia kwamba dhahabu haikuja na volkano zilizojenga ukanda wa miamba ya Geita, bali makumi ya mamilioni ya miaka baadaye, katika zama ambazo graniti nyingi nazo zilikuwa zikipanda. Mtafutaji anapaswa kufuata nyufa zilizokuwa hai wakati huo, hata kama zinapita katika mwamba wa zamani zaidi.

Ukisogea Mwadui, Shinyanga, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, zirkoni hiyo hiyo inasimulia mambo mengine kabisa. Punje zilizotoka kwenye kimbaliti ya huko, mwamba uliobeba almasi hizo, zina miaka milioni 52 tu. Dinosaria walikwisha kutoweka, na graniti ambayo kimbaliti hiyo iliitoboa kwenda juu ilikuwa tayari imetimiza zaidi ya miaka bilioni 2.5.