Johnny Walker: Mlevi Asiyeonja Pombe

Wapenzi wa picha za Kihindi waliokuwa wakijazana Regal na Naaz mjini Mombasa, hasa siku za Idi, hawana haja ya kuelezwa Johnny Walker alikuwa nani. Akitokea tu kwenye pazia na masharubu yake membamba, macho ya kulegea na sauti ya puani, ukumbi ulikuwa hoi kwa kicheko kabla hajatamka neno. Lakini wengi walimcheka wakiamini jambo ambalo halikuwa kweli: kwamba bwana yule alikuwa mlevi wa kutupwa.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Badruddin Jamaluddin Kazi. Alikuwa Mwislamu, mzaliwa wa Indore huko Bara Hindi, na pombe alikuwa haonji.

Baba yake alipopoteza kazi kiwandani, jamaa nzima ilihamia Bombay. Nyumba ilikuwa na watoto wengi, na mzigo wa kuwalisha ukamwangukia Badruddin. Alihangaika na vibarua vya hapa na pale mpaka akapata ukondakta katika mabasi ya shirika la BEST. Humo ndani ya basi ndimo alimojifunzia uchezaji. Alivitaja vituo kwa mbwembwe, akawaigiza watu, abiria wakasahau joto na msongamano. Nionavyo mimi, hakuna chuo kinachoishinda kazi hiyo: kondakta hukutana na kila aina ya binadamu, mlevi akiwemo, tena humwona kwa karibu na kumnusa.

Miongoni mwa waliopendezwa naye ni mchezaji Balraj Sahni, ambaye siku hizo alikuwa akiandika hadithi ya picha iitwayo Baazi. Sahni akamwelekeza kwa Guru Dutt, mtengenezaji wa picha hiyo. Inasimuliwa kuwa Badruddin aliingia ofisini akipepesuka, akiropoka na kumsumbua kila aliyemkuta, hata Guru Dutt akataka atolewe nje. Kumbe ulikuwa mchezo mtupu! Alipojulikana kuwa ni mzima wa akili na hajagusa kitu, akapewa sehemu papo hapo. Baazi ilitoka mwaka 1951, na Guru Dutt ndiye aliyembandika jina la wiski ya Kiskoti.

Wako wazee wetu waliochukizwa, na hoja yao si nyepesi. Kwa nini kijana wa Kiislamu aitwe kwa jina la chupa, kisha aufanyie ulevi mzaha mbele ya watoto? Kuhusu jina sina la kumtetea. Lilikuwa jina la kazi, nalo likaja na mkate. Lakini mlevi wake hakumtamanisha mtu. Ulimi mzito, macho yanayotafuta pa kutua, mtu anayejiona mfalme na hana hata nauli. Nani angetoka pale akitaka kuwa kama yeye? Tena alikuwa mchungaji wa ulimi. Mwenyewe alikuwa akijivunia kwamba katika picha zake zipatazo 300, wakaguzi wa serikali hawakumkata hata neno moja.

Wala hakuwa mtu wa ulevi peke yake. Katika C.I.D. ya mwaka 1956 alikuwa mwizi wa mifukoni. Katika Pyaasa ya 1957 ni Abdul Sattar, fundi wa kusinga watu vichwa kwa mafuta, anayezunguka na vichupa vyake akitafuta wateja. Wimbo wake humo uliimbwa na Mohammed Rafi, na hapa pana jambo la kusikiliza kwa makini: Rafi aliigeuza sauti yake ikafanana na ya Johnny Walker, hata mtu akaapa kwamba ni yeye anayeimba. Madhumati ya 1958 ilimpatia tuzo ya Filmfare ya mchezaji msaidizi.

Mimi lakini nampenda zaidi katika Anand ya mwaka 1971. Humo ni Issa Bhai, mtu wa michezo ya jukwaani, anayefanya urafiki na Rajesh Khanna kwa mzaha wa kuitana majina ya uongo. Anapojua kwamba rafiki yake ana maradhi yasiyopona, uso ule uliozoea kuchekesha unajikaza, na ukumbi mzima unanyamaza.

Baadaye mambo yalibadilika. Mashujaa wa picha walianza kuchekesha wenyewe, na maneno machafu yakaingia. Yeye akajitenga, akakaa miaka mingi bila kuonekana. Kamal Haasan ndiye aliyemrudisha mwaka 1997 katika Chachi 420. Alimpa sehemu ya Joseph, mzee fundi wa kuwapamba wachezaji, mpenda chupa kupita kiasi. Ikawa miongoni mwa kazi zake za mwisho. Alifariki tarehe 29 Julai 2003, mjini humo humo Bombay alimokuwa akikata tikiti, wakati huo ukiitwa Mumbai.