Taji Kwenye Wembe wa Kale: Je, Kweli Mfalme Aliunyolea?

Vijana wa siku hizi wanaujua wembe kuwa ni kile kibati chembamba kinachouzwa dukani kikiwa kimefungwa kwa karatasi, au kile kijiti cha plastiki cha kunyolea na kutupa. Lakini zamani palikuwa na wembe wa kukunja: bapa la chuma lililojificha ndani ya mpini kama kisu cha mfukoni, likinolewa kwenye jiwe na kusuguliwa kwenye mkanda wa ngozi kila kulipokucha. Wembe mmoja ulimtosha mtu maisha yake yote, na mwanawe akaurithi.

Ukikutana na wembe wa aina hiyo, msomaji mpenzi, uwe umeachwa na mzee ndani ya sanduku au umelazwa kwenye meza ya muuza vitu vya kale, tazama mahali bapa linapoungana na mpini. Hapo utaona maandishi madogo yaliyogongwa kwenye chuma. Huenda ukaona pia taji, na kando yake herufi mbili: G na R, W na R, au V na R. Hapo ndipo muuzaji hutabasamu na kukwambia, "Huu ulikuwa wembe wa mfalme." Nayo bei hupanda palepale.

Je, asemayo ni kweli? Naam, yapo mafumbo katika taji hilo, na anayeyafumbua huepuka kutapeliwa.

Mji wa wafua visu

Nyembe nyingi za namna hii zilitoka Sheffield, mji ulioko kaskazini mwa Uingereza. Tangu mwaka wa 1624, wafua visu wa eneo hilo wamekuwa na chama chao, Chama cha Wafua Visu cha Hallamshire. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuandikisha alama ya kila fundi, ili mnunuzi ajue kitu kimetoka kwa nani, na fundi mwingine asiibe jina la mwenzake.

Alama mojawapo ilikuwa nyota na msalaba wa Malta, iliyoandikishwa mwaka wa 1682. Baadaye ikawa mali ya ukoo wa Rodgers, uliojulikana ulimwenguni kwa jina la Joseph Rodgers & Sons. Hawa walikuwa mafundi na pia walijua kujitangaza. Walitengeneza kisu kimoja chenye makali 1,822, kulingana na mwaka wa 1822. Kisha, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya London ya mwaka wa 1851, wakaunda kingine cha makali 75 ambacho hadi leo kimehifadhiwa katika jumba la chama hicho mjini Sheffield.

Mwaka huo wa 1822 ndipo Mfalme George wa Nne alipowateua kuwa wafua visu wake. Wafalme waliomfuata nao wakawateua. Ndiyo maana nyembe zao zina taji na maneno ya kueleza kuwa wao ni wafua visu wa Mtukufu Mfalme, au wa Mtukufu Malkia.

Maana ya hati ya kifalme

Watu wengi hukosea hapa. Hati ya kifalme si cheti cha ubora. Hapa nchini tumezoea alama ya shirika la kukagua ubora wa bidhaa, KEBS, ambayo hutolewa baada ya bidhaa yenyewe kupimwa. Hati ya kifalme ni jambo jingine kabisa. Husema tu kwamba mfanyabiashara fulani huiuzia nyumba ya mfalme bidhaa au huduma zake. Hupewa mfanyabiashara, wala si wembe.

Kwa hivyo, kiwanda chenye hati kiliweza kugonga taji kwenye maelfu ya nyembe ambazo mfalme hakuziona hata siku moja. Zilinunuliwa na makarani, mabaharia, wakulima na vinyozi. Wembe wenye taji basi unakwambia kwamba aliyeutengeneza alikuwa na mteja mkubwa. Haukwambii kwamba mteja huyo aliushika.

Aidha, hati haikuwa ya milele, na hata leo si ya milele. Siku hizi hutolewa kwa muda usiozidi miaka mitano, kisha huchunguzwa upya. Malkia Elizabeth wa Pili alipofariki Septemba 2022, waliokuwa na hati zake walipewa miaka miwili ya kuendelea kutumia nembo wakati zikichunguzwa. Mfalme Charles akaanza kutoa hati zake mwenyewe mwaka wa 2024.

Taji la kuazima

Penye asali hapakosi nzi. Wafua visu wengi waliona jinsi taji linavyovutia fedha, nao wakaanza kuligonga bila ya kupewa hati na yeyote. Katika karne ya 19, herufi V na R zilikuwa kama pambo tu kwenye visu na nyembe nyingi. Mnunuzi aliyekuwa mbali, ng'ambo ya bahari, angejuaje?

Mwishowe serikali ya Uingereza iliingilia kati. Sheria ya mwaka wa 1883 iliweka faini ya hadi pauni 20 kwa yeyote aliyetumia nembo ya kifalme katika biashara yake bila ya idhini. Miaka minne baadaye, mwaka wa 1887, ikaja sheria nyingine dhidi ya bidhaa za kigeni zilizobeba alama za Kiingereza. Watu wa Sheffield walikuwa wamelalamika sana kwamba visu kutoka Solingen, mji wa wafua visu wa Ujerumani, vinauzwa kwa jina lao. Nao Rodgers walikwenda mahakamani mara kwa mara kuwaandama walioiga jina na alama yao.

Jinsi ya kuusoma wembe

Basi ukiushika wembe wa kale, anza na jina la fundi na alama yake, taji liache mwisho. Taji bila ya jina linalojulikana ni pambo.

Pili, soma herufi. R ni ya neno la Kilatini la mfalme au malkia. W ni William wa Nne, aliyetawala kuanzia 1830 hadi 1837. V ni Victoria, 1837 hadi 1901. E ni Edward wa Saba, 1901 hadi 1910. G ndiyo yenye mtego, kwa kuwa wafalme kadhaa waliitwa George. Aliyefariki mwaka wa 1830 na aliyeanza kutawala mwaka wa 1910 wote waliandikwa G na R, na kati yao ni miaka 80!

Utawatenganishaje? Tazama umbo la bapa. Nyembe za zamani zaidi ni nene mgongoni na nzito, mfano wa kabari. Zilizokuja baadaye zimechimbwa pande zote mbili hadi zikawa nyembamba sana. Tafuta pia jina la nchi. Tangu mwaka wa 1891, bidhaa zilizoingia Marekani zilitakiwa kuonyesha nchi zilikotoka, kwa hiyo neno England kwenye chuma mara nyingi huashiria miaka hiyo au ya baadaye.

Jina ambalo halikugongwa

Kuna mtu mmoja ambaye jina lake hutalipata kwenye bapa: aliyeketi kwenye jiwe la kunolea. Vumbi la jiwe na chuma lilimwingia mapafuni. Daktari Arnold Knight wa Sheffield aliandika katika karne hiyo ya 19 kwamba wanoaji wa nyembe, ambao walifanya kazi kwa jiwe lenye maji na pia kwa jiwe kavu, walikufa wakiwa na umri wa kati ya miaka 40 na 45. Wanoaji wa uma, waliotumia jiwe kavu, walikufa mapema zaidi, kati ya miaka 28 na 32.

Na mpini je? Mingi ilitengenezwa kwa pembe za ng'ombe, lakini ya fahari ilikuwa ya pembe za ndovu. Rodgers walikuwa na ghala lililosheheni pembe hizo. Zama hizo Unguja ilikuwa soko kuu la pembe za ndovu, zilizoletwa pwani kutoka bara mabegani mwa wapagazi. Huwezi kuapa kwamba mpini fulani ulitoka kwetu, lakini huwezi pia kuitazama mipini hiyo usiwakumbuke wapagazi hao.

Kwa sababu hiyo, tahadhari. Kenya iliteketeza tani 12 za pembe za ndovu mwaka wa 1989, na sheria yetu ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 ni kali kwa anayepatikana na pembe bila ya kibali. Uingereza nayo imebana biashara hiyo tangu mwaka wa 2022, hata kwa vitu vingi vya kale. Ukiuziwa wembe wenye mpini wa aina hiyo, uache hapohapo hata kama una mataji matatu.

Wenye mpini wa pembe ya ng'ombe, wenye jina la fundi anayejulikana na makali yasiyo na pengo, huo ununue ukipenda. Lakini lipia kazi ya fundi, usilipie hadithi ya mfalme. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na kibaya kingine, msomaji, hujitembeza kikiwa kimevaa taji.