Orodha ya zawadi za Krismasi: Ni matakwa, mahitaji au maagizo?

DESEMBA inapobisha hodi, makundi ya WhatsApp ya marafiki, ya wafanyakazi wa ofisi moja na hata ya wanakwaya hugeuka soko dogo. Kila mwanachama huombwa aandike vitu ambavyo angependa kununuliwa, kisha kura hupigwa na kila mmoja akapangiwa mtu wa kumnunulia. Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliniuliza juzi: "Mwalimu, hiyo orodha tuiite nini kwa Kiswahili?" Alikuwa amejaribu kuiita "orodha ya matakwa", wenzake wakamcheka kwamba anaongea kama kiongozi wa chama cha wafanyakazi anayetangaza mgomo.

Wenzake walikuwa na hoja. Katika matumizi ya Kenya, neno matakwa limezoeleka sana katika taarifa za habari: madaktari wana matakwa yao, walimu wana yao, nayo serikali huombwa iyatimize kabla ya saa sita usiku. Ni neno lenye makataa ndani yake. Vilevile tunasema "matakwa ya sheria", maana yake mambo ambayo huna hiari nayo. Ukimpa sahibu yako orodha ya matakwa, umekaribia kumpa notisi.

Je, matamanio? Hili ni laini zaidi, na wafasiri wengi hulipenda. Hata hivyo, kutamani kunasikika karibu na tamaa, na tamaa katika Kiswahili haina sifa njema. Mtu anayeorodhesha matamanio yake mbele ya watu 15 hujianika kidogo. Mahitaji nayo yana harufu ya karatasi ya shuleni ambayo mzazi hupokea Januari: godoro, ndoo, sanduku, tishu. Kuhusu haja, sidhani kuna atakayekubali kuandika "orodha ya haja zangu" bila mzaha kuzuka kundini.

Jibu nililompa mwanafunzi huyo ni kwamba lugha yetu ina neno linalofaa, ila tumelizoea katika mambo mengine. Neno hilo ni agizo. Mtu akisafiri kwenda Mombasa, jirani humwambia, "Nakuagiza halua," au "Usisahau lile agizo langu la kikoi." Mara nyingi mwagizaji hutoa na pesa. Msafiri akirudi, hukabidhi agizo, na lau amepata muda na moyo, huongeza kitu ambacho hakuna aliyemtajia. Hicho cha pili ndicho zawadi. Vyote viwili hutoka katika mkoba uleule, lakini hakuna mzungumzaji anayevichanganya. Agizo limeanzia kichwani mwa mpokeaji. Zawadi imeanzia kichwani mwa mtoaji.

Tofauti hiyo ina mizizi mirefu. Neno zawadi lilitufikia kutoka Kiarabu, na mzizi wake unahusu masurufu, yaani chakula na vitu vya kumsaidia mtu njiani. Rafiki nalo ni neno la Kiarabu ambalo maana yake mojawapo kongwe ni mwenza wa safarini. Kwa hivyo maneno haya mawili, ambayo leo tunayaunganisha na karatasi za kung'aa na utepe, yalikutana barabarani kabla hayajakutana madukani. Wale wanaopanda basi wiki ya Krismasi kuelekea ushago wakiwa wamekumbatia mkate, sukari na majani ya chai ya nyanya wanalitumia neno zawadi karibu na asili yake kuliko wanavyodhani. Nyanya hajaandika orodha. Lakini ole wako ufike mikono mitupu!

Lakini suala lililonivutia zaidi halipo katika nomino. Lipo katika kitenzi.

Tuvitazame vitenzi vya silabi moja ambavyo kila aliyesoma Kiswahili shuleni anavikumbuka: -la, -nywa, -fa, -ja. Katika nyakati kadhaa hubeba ku-: nilikula, alikunywa, wamekufa, watakuja. Hiyo ku- haina maana yoyote hapo. Inasaidia tu kitenzi kisimame. Kitenzi -pa kinafanana na hivyo kwa umbo, lakini hakikubali msaada huo. Ukisema "nilikupa", ile -ku- si ya kukisaidia kitenzi. Ni wewe. "Nilipa kitabu" si sentensi ya Kiswahili, na anayeisikia anaweza kufikiri unazungumzia kulipa deni. Ni sharti aliyepewa aingie ndani ya kitenzi chenyewe: nilimpa, tuliwapa, atanipa.

Kwa istilahi za darasani, -pa huruhusu shamirisho kipozi, yaani kitu kinachotolewa, kiachwe nje. "Umempa?" "Nimempa." Mazungumzo yamekamilika hata kama sisi wasikilizaji hatujui ni nini kilichotolewa. Asiyeweza kuachwa ni shamirisho kitondo, yaani mtu anayepokea. Hata tukigeuza sentensi iwe katika kauli ya kutendwa, anayepanda kwenye kiti cha kiima ni yuleyule: "Mtoto alipewa kitabu." Hatusemi "kitabu kilipewa mtoto". Kitenzi chetu kikongwe cha utoaji, basi, kinaweza kusahau kitu lakini hakiwezi kumsahau mtu.

Sasa irudie ile orodha ya Desemba. "Manukato. Viatu vyeusi, nambari 42. Kikaangio kisichoshika." Hakuna kitenzi. Hakuna -ni-, hakuna -ku-. Vitu vimo vyote na vipimo vyake, watu hawamo. Ni kinyume kamili cha "nimekupa".

Wakenya, kwa bahati, tumewahi kuhitaji kutoa bila kumtaja mpokeaji, tukajitengenezea njia. Msikilize mfawidhi wa harambee: "Mheshimiwa amepeana elfu hamsini!" Mnyambuliko wa -ana ni wa kutendana, hivyo kupeana kunahitaji pande mbili zinazopokezana, kama Asha na Juma wanavyopeana mikono. Mheshimiwa alipeana na nani? Mimi husahihisha jambo hili kila muhula, na nitaendelea kulisahihisha, kwa sababu kitenzi toa kipo na kinatosha: "ametoa elfu hamsini". Walakini naelewa kosa hili lilikotoka. Mzungumzaji ana kitu mkononi na hana uso wa kumwelekezea, na -pa imemgomea.

Kuna na sarufi ya mdai. Bawabu wa jengo, mwosha magari na mhudumu wa maegesho watakuuliza mwezi huu, "Mkubwa, Krismasi yangu iko wapi?" Hapa sikukuu imekuwa jina la kitu kinachotolewa siku hiyo, na hiyo ni metonimia safi. Pwani watoto hufanya vivyo hivyo wanapopita nyumba kwa nyumba wakitafuta mkono wa Idi, na hakuna anayewaona wajeuri. Angalia tu kimilikishi: Krismasi yangu. Imeshakuwa yake kabla hujaitoa. Mazoea yakikomaa hivyo, zawadi huanza kuelekea upande wa ada. Na ada ikidaiwa kwa nguvu ina jina jingine. Hongo, ambalo leo ni neno la rushwa, katika karne ya 19 lilikuwa jina la malipo yaliyotozwa misafara ya biashara ilipopita katika nchi ya mtemi, hasa Ugogo. Vitambaa, shanga na nyaya za shaba vilihesabiwa, vikabishaniwa kwa siku kadhaa, na msafara haukusogea mpaka kila kilichotajwa kitolewe. Sisemi kwamba mwenzako anayetaka manukato ni mtemi wa Ugogo. Nasema tu kwamba umbali kutoka "ningependa" hadi "nimekuandikia" ni mfupi.

Nilikuwa tayari kuandika makala haya kama malalamiko dhidi ya orodha na kuishia hapo. Kilichonizuia ni kundi letu wenyewe.

Tuko watu tisa tuliosoma pamoja chuo kikuu. Mmoja wetu ni mwandani wangu hasa. Nalitumia neno hilo makusudi, kwa kuwa rafiki ni wa njiani lakini mwandani, kama umbo lenyewe linavyoonyesha, ni mtu wa ndani. Vijana humwita beshte, na sina ugomvi na hilo. Ndiye mcheshi wa kundi. Mwaka huu wengine walipoandika saa na vipokea sauti, yeye aliandika: "Unga pakiti mbili. Dawa ya presha ya mathe, ya mwezi mmoja. Nauli."

Zilifuata nyuso za kucheka chungu nzima. "Nauli ya wapi buda, Dubai?" mmoja akauliza.

Mimi nilisimamia maneno "ya mwezi mmoja". Mzaha hauna vipimo. Anayetania huandika "unga gunia kumi" au "unga" tu. Hahesabu pakiti mbili, wala haipimii dawa ya mamake siku. Katika orodha ya matamanio, mwenzetu alikuwa ameandika mahitaji, na kwa kuwa karatasi ilikuwa ya matamanio, wengine waliyasoma kama matamanio. Nilimpigia simu jioni hiyo. Alikuwa amepoteza kazi tangu Agosti. Miezi minne yote tulikuwa tunaulizana hali na yeye akijibu, "Niko poa."

"Ningeanzia wapi kuomba?" aliniuliza.

Swali hilo nimelifikiria kwa muda mrefu, na nadhani lina jibu la kisarufi. Kuomba kunataka watu wawili wasimame uso kwa uso ndani ya kitenzi. "Nakuomba unisaidie": humo mna mimi na wewe, kisha wewe na mimi tena. Hata "nisaidie" tupu, ambayo Wakenya tunaitumia hadi kuombea chumvi mezani, ina -ni- iliyosimama mbele ya kila mtu. Orodha haina hilo. Ule ukavu wake ambao nilitaka kuulaumu, kule kukosa mtoaji na mpokeaji, ndio uliompa mwenzangu mahali pa kusema unga bila kusema "mimi". Kama kungekuwa na kitenzi katika fomu ile, nadhani asingeandika kitu.

Basi mtu wa ndani namna hii tumwambieje kwamba tunamjali? Wengi wetu huchukua neno la Kiingereza na kulibandika naku- mbele. Wanaotafuta la Kiswahili huishia kwa "nakuthamini", nalo si baya, ila limetokana na thamani, na thamani kwa asili ni bei. Ndiyo maana anayekadiria bei ya shamba huitwa mthamini. Kushukuru kunahitaji sababu: nakushukuru kwa hili au lile. Kuenzi kuna heshima nyingi, na mara kwa mara tunakuweka akiba kwa mashujaa na marehemu. Kutunuka, yaani kupenda kitu mno, ni zuri na limeachwa bure. Ndugu yake tunukia tumemfungia ukumbini, ambako wahitimu hutunukiwa shahada.

Mazungumzo ya kila siku yana kitenzi chake, nacho ni kukumbuka. "Unikumbuke ukipata." "Ametukumbuka mwaka huu." Hapo hakuna anayezungumzia akili wala mtihani, maana yake ni kwamba ameleta kitu. Katika kukumbuka, kitu na fikira vimekuwa neno moja, na ni jambo ambalo orodha haiwezi kufanya, kwa sababu kazi yake ni kukukumbushia.

Na kuna tunza. Maana ya kwanza anayoijua kila mtu ni kuangalia kitu kisiharibike: kutunza mtoto, kutunza bustani, kutunza mgonjwa. Ya pili husikika zaidi ngomani na kwenye taarabu, pale mshabiki anapoinuka na noti kwenda kumtunza mwimbaji. Wengine hutamka tuza, na humo ndimo tuzo lilimotoka. Kamusi huorodhesha maana hizo mbili chini ya kitenzi kimoja bila kuona ajabu yoyote.

Kura ilikuwa imenipangia yule wa manukato, nami nikanunua yaleyale aliyoyataja, kwa kuwa agizo ni agizo. Unga na dawa vilikwenda kando, bila kadi na bila kutajwa kundini. Wiki moja baadaye mwandani wangu aliniandikia maneno mawili: "Umenitunza, buda." Sikumuuliza alikusudia maana ipi.