Katesh iko kilomita 65 tu kutoka kwenye reli. Kwa nini mazao ya Hanang na Mbulu bado yanapanda lori?

Msimu wa mavuno ukifika Hanang na Mbulu, barabara ndiyo inayobeba kila kitu. Mahindi, ngano, mbaazi, alizeti na vitunguu saumu vya Mbulu vinapakiwa kwenye fuso na semitrela, safari ya Arusha, Singida, Dodoma au Dar es Salaam inaanza. Treni haifiki katika wilaya hizi mbili za Manyara, na haijawahi kufika.

Lakini reli haiko mbali kama wengi wanavyodhani.

Kutoka Katesh, makao makuu ya Hanang, hadi mji wa Singida ni kama kilomita 65 za lami. Singida kuna stesheni, na kuna tawi la reli la kilomita 115 linaloteremka hadi Manyoni kuungana na Reli ya Kati. Upande wa kaskazini, reli inayotoka Tanga imeishia Arusha.

Hanang na Mbulu zimekaa katikati ya ncha hizo mbili. Hakuna hata moja iliyosogea kuwafuata. Ukifuatilia historia ya tawi la Singida, unaelewa kwa nini.

Tawi la reli linafanyaje kazi?

Reli kuu ni kama mto, tawi ni kijito kinachouletea maji. Treni ya mizigo ikifika njia panda, kwa mfano Manyoni, inaacha mabehewa yanayokwenda kwenye tawi. Kichwa kingine cha treni kinayachukua, kinayapeleka mwisho wa njia, yanashushwa, yanapakiwa mzigo mwingine, kisha yanarudishwa njia panda kusubiri treni kubwa.

Kwa kawaida tawi lina njia moja tu. Treni mbili haziwezi kupishana mpaka zifike stesheni yenye njia ya pembeni. Ndiyo maana dereva haruhusiwi kuondoka stesheni bila kibali kinachothibitisha kwamba njia iliyo mbele haina treni nyingine.

Gharama kubwa ya tawi haiko kwenye mafuta ya injini. Iko kwenye njia yenyewe: mataruma, kokoto, madaraja, kalvati, na watu wa kufyeka majani na kukaza vyuma. Gharama hizo zipo hata kama treni inapita mara moja kwa wiki.

Kwa hiyo kila mwenye reli anauliza swali moja kuhusu tawi: je, kuna mzigo wa kutosha, mwaka mzima, kwenda na kurudi?

Singida: reli iliyojengwa mara mbili

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, enzi za Wajerumani. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Manyoni ikawa stesheni kwenye njia hiyo.

Waingereza walipoichukua Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, walitaka maeneo ya ndani yazalishe mazao ya biashara. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 wakajenga tawi kutoka Manyoni kupitia Singida hadi Kinyangiri, kaskazini zaidi, eneo ambalo leo liko Wilaya ya Mkalama.

Wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza mwaka 1929 ulikuwa umeangusha bei za mazao. Mkulima hakuwa na sababu ya kulima zaidi kwa ajili ya soko lisilolipa. Mzigo uliotarajiwa haukutosha kulilisha tawi hilo.

Katika miaka ya 1940 njia ikafungwa na reli zikang'olewa. Kizazi kilichozaliwa Singida baada ya hapo kilikuta tuta tu.

Baada ya uhuru, serikali ililijenga tena tawi hilo, safari hii likaishia Singida mjini bila kwenda Kinyangiri. Treni ya abiria ikawa inatoka Dodoma kwenda Singida siku chache kwa wiki. Kwa mtu wa Hanang, hapo ndipo reli ilipokaribia nyumbani kuliko wakati mwingine wowote.

Lakini shirika lenyewe lilikuwa linayumba. Shirika la Reli Tanzania, TRC, lilianzishwa mwaka 1977 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani kuvunjika, likarithi njia na mitambo iliyochakaa. Mwaka 2007 uendeshaji ukapewa kampuni mpya, TRL, ambamo kampuni ya RITES ya India ilikuwa na hisa asilimia 51 na serikali asilimia 49. Ubia huo haukudumu, na serikali ikalirudisha jukumu mikononi mwake.

Katika hali kama hiyo, vichwa vya treni vichache vilivyo hai hupelekwa njia kuu, kwenye mzigo wa uhakika. Matawi husubiri. Safari za abiria za Singida zikakoma, na tawi likaachwa kwa muda mrefu bila huduma ya kutegemewa.

Ngano ya Basotu na reli zilizopishana

Kuna sehemu ya historia hii inayoigusa Hanang moja kwa moja.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, serikali kwa msaada wa Kanada ilianzisha kilimo kikubwa cha ngano kwenye nyanda za Basotu. Shirika la NAFCO likawa na mashamba saba yanayotumia trekta na mashine za kuvunia. Wafugaji wa Kibarabaig walipoteza malisho yao bora, wakaenda mahakamani kuyadai, na mgogoro huo ukajulikana hadi nje ya nchi.

Kwa mtu wa reli, mzigo wa namna hiyo ni ndoto: nafaka nyingi, sehemu moja, kila mwaka, inayohitaji kufika kwenye vinu vya mbali. Mbolea, mafuta na vipuri vingekuwa mzigo wa kuja.

Ila katika miaka ya 1970, ngano ilipokuwa inaongezeka, Singida haikuwa na reli. Ya zamani ilikuwa imeshang'olewa na mpya haijajengwa. Ngano ikazoea lori.

Reli iliporudi Singida, mambo yalikuwa yanageuka. Biashara ya nafaka ilifunguliwa kwa watu binafsi na wenye malori wakaongezeka. Baadaye NAFCO yenyewe ikaondoka kwenye mashamba hayo. Baadhi yakaenda kwa wawekezaji, mengine yakarudishwa kwa wananchi. Mzigo mmoja mkubwa ukawa mizigo midogo ya wakulima wengi.

Kwa kifupi, mzigo ulipokuwepo reli haikuwepo. Reli ilipokuja, mzigo ulikuwa umeshapata njia nyingine.

Upande wa kaskazini: miaka 18, kisha 18 tena

Reli ya Tanga ndiyo ya kwanza katika eneo ambalo leo ni Tanzania bara. Ujenzi ulianza mwaka 1893. Ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Hiyo ni miaka 18 kwa kilomita 352.

Wajerumani walikuwa na mpango wa kuisogeza hadi Ziwa Victoria. Vita vikaukatiza. Waingereza waliifikisha Arusha mwaka 1929, yaani miaka mingine 18 kwa kilomita 86 tu. Hapo ikasimama.

Kwa nini isiendelee kwenda Mbulu? Sababu mojawapo inaonekana kwa macho: ukuta wa Bonde la Ufa.

Ziwa Manyara liko kwenye mwinuko wa mita 960 hivi kutoka usawa wa bahari. Nyanda za Mbulu ziko juu kwa mita 1,700 na zaidi. Lori linaweza kupanda kona kali kwa gia ndogo, treni haiwezi. Hata kwenye mwinuko ambao kwa treni ni mkali, wa mita 2 kwa kila mita 100, kupanda mita 740 kunahitaji kilomita 37 za njia inayozunguka kwenye mteremko, pamoja na madaraja na makato ya miamba. Zote hizo ni kabla ya kubeba gunia la kwanza.

Njia ya kutokea Singida haina ukuta wa namna hiyo hadi Katesh. Kwa Hanang, mlango rahisi wa reli ni kusini-magharibi. Kwa Mbulu, iliyo juu zaidi kaskazini, mazao yangelazimika kushuka kwa lori kwanza.

Reli ya Arusha nayo ilikufa ganzi kwa zaidi ya muongo mmoja kabla ya kufufuliwa. Treni ya mizigo ilirudi Moshi mwaka 2019, ya abiria kutoka Dar es Salaam ikafika Moshi mwishoni mwa mwaka huohuo, na Arusha mwaka 2020. Kwa hiyo njia iliyolala inaweza kuamshwa.

Hesabu ya gunia

Kwa nini mkulima ajali? Kwa sababu bei ya shambani ni bei ya sokoni ukitoa gharama za njiani. Mnunuzi anayejua atalipa nauli kubwa ya lori huikata nauli hiyo kwenye bei anayompa mkulima, na mara nyingine anadai lumbesa juu yake.

Chukua mfano. Treni yenye mabehewa 20, kila behewa tani 40, inabeba tani 800. Kwa lori la tani 30, hayo ni malori 27, yenye madereva 27 na injini 27. Kwa safari ndefu, treni inashinda kwa mbali.

Lakini kuna mtego. Gunia linalotoka Katesh lingepakiwa lorini, lishushwe Singida, lipakiwe kwenye behewa, kisha lishushwe tena Dar es Salaam. Kila kupakia ni pesa ya vibarua. Behewa likisubiri siku kumi Manyoni, mfanyabiashara ataona bora lori linalofika kesho kutwa.

Kwa vitunguu saumu na mazao yanayoharibika, kusubiri ni hasara. Kwa mahindi, ngano na mbaazi zinazohifadhika, reli inaweza kufaa, mradi treni ije siku iliyosemwa.

Ushindani nao umekuwa mkali. Barabara ya lami ya Singida–Babati–Minjingu, yenye kilomita 223, inapita Katesh kwenyewe. Barabara ya Dodoma–Babati ilizinduliwa mwaka 2018. Malori yanapita usiku na mchana.

Reli ya kisasa inabadilisha nini?

Treni za SGR zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na kufika Dodoma Julai mwaka huohuo. Njia inaendelea hadi Makutupora, wilayani Manyoni, ikielekea Tabora. Haipiti Singida mjini.

Hapa kuna jambo la kiufundi. Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000, SGR milimita 1,435. Behewa la tawi la Singida haliwezi kuingia kwenye SGR. Tawi likifufuliwa jinsi lilivyo, mzigo utaendelea na reli ya zamani, au utahamishwa kutoka behewa moja kwenda jingine.

Mpango mwingine ni SGR ya Tanga–Arusha–Musoma, ya zaidi ya kilomita 1,000, yenye matawi ya kwenda Engaruka kwenye magadi na Minjingu kwenye fosfeti. Minjingu iko Wilaya ya Babati, kwenye barabara hiyohiyo inayotoka Katesh. Tawi hilo likijengwa, reli itaingia Manyara kwa mara ya kwanza.

Angalia kilicholifanya tawi la Minjingu liwemo kwenye ramani: madini, yaani mzigo unaochimbwa mwaka mzima. Mazao ya msimu peke yake hayakutosha kuokoa tawi la Kinyangiri.

Maswali ya kuuliza mradi ukitangazwa

Wananchi wa Hanang na Mbulu wakisikia tena habari za reli kwenye mikutano, wana maswali matatu ya kuuliza kabla ya kupiga makofi:

• Treni itarudi na mzigo gani? Saruji, mbolea na mafuta ni sehemu ya jibu, lakini lazima kiasi kijulikane.

• Maghala yatakuwa wapi? Vyama vya ushirika vikikusanya mazao sehemu moja, behewa linajaa kwa siku. Kila mkulima akija na gunia lake kivyake, behewa linasubiri.

• Nani atalipa matengenezo miaka ambayo mvua imegoma na mavuno ni madogo?

Tawi la Singida lilijengwa mara mbili, na mara zote mbili vyuma vilifika. Kilichokosekana ni mzigo wa kudumu na treni ya kuaminika. Bila hivyo viwili, hata reli ikisogezwa hadi Katesh, semitrela zitaendelea kuondoka na mahindi, na mkulima ataendelea kukatwa nauli kwenye bei ya gunia lake.