Jani Lililolowa: Wazee na Kazi Huko Japani

Wanawake wa Japani wana jina walilompa mume aliyestaafu asiyejua afanye nini nyumbani. Humwita jani lililolowa, yaani lile jani lililopukutika mtini likanyeshewa mvua, ambalo hata lipigwe ufagio namna gani hung'ang'ania pale pale lilipo. Kwa miaka arobaini mume huyo alitoka alfajiri na kurudi usiku. Sasa humfuata mkewe jikoni, dukani, hata kwa jirani. Jina hilo ni la dhihaka, na pengine ukali wake umepita kiasi, kwani hakujiondoa kazini mwenyewe.

Hadi miaka ya 1970 kampuni nyingi za Japani ziliwastaafisha wafanyakazi wakiwa na miaka 55. Kwa kuwa watu waliishi muda mrefu zaidi na vijana wakapungua, ilibidi sheria ibadilike. Tangu mwaka 1998 ni marufuku kuweka umri wa kustaafu chini ya miaka 60. Tangu 2006 kila mwajiri hana budi kuchagua moja kati ya njia tatu: kuusogeza umri hadi 65, kuufuta kabisa, au kumwajiri upya mfanyakazi akiisha kustaafu. Mwaka 2021 waajiri walihimizwa, ingawa hawakulazimishwa, kuwapatia wazee kazi hadi miaka 70.

Waajiri walio wengi walichagua njia ya tatu, na sababu haifichiki. Mkataba mpya huja na mshahara mpya, nao aghalabu ni mdogo. Madereva watatu wa malori walioajiriwa upya baada ya kutimiza miaka 60 walijikuta wakiendesha malori yale yale, huku mapato yao ya mwaka yakiwa yamepungua kwa kiasi cha moja ya tano. Wakaenda mahakamani. Mwezi Juni 2018 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba sehemu kubwa ya tofauti hiyo haikuvunja sheria, maana mstaafu hutazamia pensheni. Walishinda hasa katika posho ya kutokosa kazini hata siku moja: mahakama iliona kwamba haja ya kufika kazini ni ile ile, dereva awe kijana au mzee. Ni ushindi mdogo kwa mtu aliyeshika usukani ule ule.

Serikali nayo imeyagusa maisha ya watumishi wake, walimu wakiwamo. Kuanzia Aprili 2023 umri wao wa kustaafu unapandishwa mwaka mmoja kila baada ya miaka miwili, hadi ufike 65 mwaka 2031. Lakini anayepita miaka 60 hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake, na mwenye cheo kwa kawaida hukivua. Mwalimu mkuu huweza kurudi kushika chaki chini ya yule aliyemfundisha kazi. Si kila mtu mwenye moyo wa kulistahimili jambo hilo.

Kwa wale walioacha kazi kabisa kuna vituo vya kazi za wazee, ambavyo chanzo chake ni chama kilichoundwa mwaka 1975 katika mtaa wa Edogawa, Tokyo. Mwenye miaka 60 au zaidi hujiandikisha, akapewa kazi nyepesi za muda mfupi: kupogoa miti ya bustani, kung'oa majani, kulinda maegesho ya baiskeli, kubandika karatasi mpya katika milango ya kusukuma ya nyumba za Kijapani. Halipwi mshahara, bali fungu lake kwa kazi aliyoifanya. Fedha hizo haziwezi kuendesha nyumba, wala hazikukusudiwa hivyo. Lakini mume hupata sababu ya kuvaa viatu asubuhi, na mke akapata saa chache za kuwa peke yake.

Wanawake pia hujiunga. Wao hupelekwa kusafisha nyumba, kupika na kuwaangalia watoto wa watu walio kazini, yaani kazi ile ile waliyoifanya majumbani mwao miaka yote bila ya kulipwa, na ambayo hakuna sheria iliyowahi kuiwekea umri wa kustaafu.