Mwenzi wa samaki mpweke ni nani?

Tangi la kioo lenye samaki wa rangi ni pambo linaloweza kuituliza nyumba nzima. Watoto hulizunguka wakasahau ugomvi wao, na mfanyakazi arudipo jioni huketi mbele yake akapumzisha macho. Lakini mara nyingi pambo hilo huishia kuwa na samaki mmoja tu, mdogo, aliyejibanza nyuma ya jiwe. Wenziwe wamekufa, yeye amesalia. Hapo ndipo wenye nyumba huulizana: tumtafutie mwenzi gani?

Kwa wakazi wa Tunduma, Vwawa na Mlowo swali hili si geni. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni safari ya zaidi ya kilomita 900. Samaki waliosongamana katika chombo kidogo hufika wamechoka, na maji yao yamechafuka. Tena Tunduma iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai maji ya tangi lisilo na kipasha maji hupoa mno kwa samaki wa nchi za joto. Si ajabu basi sita wakabaki mmoja.

KWA NINI HUISHI KUNDI

Kila aliyewaona dagaa wa Ziwa Tanganyika au usipa wa Ziwa Nyasa anajua kwamba wako samaki ambao maisha yao ni kundi. Macho mengi humwona adui mapema, na adui naye hushindwa kumchagua mmoja katikati ya wengi wanaogeuka kwa pamoja. Ubavuni samaki ana mstari wa hisia unaomwezesha kutambua mtikisiko wa maji unaosababishwa na jirani yake.

Hali ni hiyo hiyo kwa neoni, yule samaki mdogo mwenye mstari wa buluu na mwekundu, ambaye asili yake ni mito ya bonde la Amazon huko Amerika ya Kusini. Akiwa peke yake hujificha, rangi zake hufifia, na pengine hukataa chakula. Samaki wengine wa kundi wakibaki wapweke hugeuka wakorofi, wakawasumbua wale walio pamoja nao.

Kwa hiyo jibu la kwanza ni hili: mwenzi wa samaki wa kundi ni samaki wa aina yake mwenyewe. Neoni hahesabu samaki wa aina nyingine kuwa kundi lake, hata wakiwa wapole kiasi gani. Anahitaji wenziwe wasiopungua watano.

PIMA TANGI KWANZA

Kabla ya kununua, chukua futi kamba. Zidisha urefu, upana na kina kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1,000, utapata lita. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 huchukua lita 54, yaani pungufu kidogo ya madebe matatu. Hilo linatosha kundi la neoni sita hadi wanane. Tangi la debe moja halitoshi kundi.

Kadhalika, yafaa kuuliza kilichowaua wa kwanza. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Bakteria wanaoipunguza makali huota polepole katika chujio na changarawe, na katika tangi jipya huchukua majuma manne hadi sita. Anayejaza samaki siku ya kwanza anawazika mapema. Waongeze wawili watatu kwa wakati, baada ya kuwatenga majuma mawili katika chombo kingine, kwani samaki mmoja mgonjwa huambukiza wote.

MAJIRANI WASIOFAA

Wapo wanaokwenda Kyela, wakavutiwa na mbuna wa buluu na wa manjano wa Ziwa Nyasa, wakadhani hao ndio wenzi wa karibu. Sivyo. Mbuna hulinda miamba yao kwa ukali, na maji yao ni magumu, ilhali neoni amezoea maji laini. Samaki wa dhahabu naye hupenda maji baridi, hukua kupita sentimita 20, na huchafua sana. Perege mdogo wa leo ni mlaji wa wenzake kesho. Kanuni nyepesi ni hii: samaki yeyote ambaye mdomo wake unaweza kummeza mwenzake, siku moja atammeza.

Kwa nyumba isiyo na kipasha maji, afadhali kundi la danio wenye mistari, ambao asili yao ni Asia ya Kusini na ambao huvumilia maji ya nyuzi 18. Hata hao lazima wawe sita au zaidi.

IKIWA TANGI NI DOGO

Ikiwa tangi ni dogo na huna uwezo wa kununua kubwa, lililo jema kwa samaki huyo ni kumpa mtu mwenye kundi la aina yake. Asipopatikana, mpe majani ya maji ya kujificha, weka karatasi nyeusi nyuma ya kioo, na umwache na utulivu. Usimletee kundi la wageni kwa kumwonea huruma.

Jambo moja usilifanye kamwe: kumwaga samaki mtoni. Maji ya Mto Momba huishia Ziwa Rukwa, na ziko Songwe mbili, moja ikielekea Rukwa na nyingine, ya mpakani na Malawi, ikielekea Nyasa. Sangara aliyepandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 alichangia kutoweka kwa aina nyingi za furu. Mgeni mmoja majini si jambo dogo.

Wazazi, waacheni watoto wapime tangi, wahesabu lita na kutunza zamu ya kulisha. Watajifunza mapema kwamba anayefuga kiumbe hana budi kujua kwanza maisha yake yalivyo.